Uzuri wa Motokaa Uanzie Tumboni

Mwishoni mwa muhula uliopita palizuka ubishi mkubwa katika klabu yetu ya sayansi. Mjomba wangu anayo motokaa ndogo ya milango miwili, ya namna ile iitwayo gari la michezo. Alikuja kutuomba shauri: aifanyie nini ipate kwenda vizuri zaidi? Wenzangu karibu wote walisema ishushwe chini, kisha ifungwe bawa kubwa juu ya buti. Mimi na wawili wengine tulisema ianze kutengenezwa tumboni. Kura zikapigwa, tukashindwa. Basi naomba nafasi katika gazeti letu nieleze kwa nini bado naamini kwamba wengi walikosea.

Sisi vijana twapenda kile kinachoonekana. Bawa laonekana toka mbali, na rafiki zako watalisifu. Tumbo la motokaa halionwi na mtu ila fundi aliyelala chali juu ya gunia. Lakini wahenga walikwisha kutuonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hebu kwanza tufikiri habari za hewa. Motokaa yo yote iendayo husukuma hewa, na hewa nayo huizuia. Nilipiga hesabu ya motokaa kama ya mjomba, nikikadiria eneo lake la mbele kuwa mita mraba 1.8, na namba ya umbo lake kuwa 0.35. Hewa ya huku kwetu nilihesabu kilo 1 kwa mita ya ujazo, maana ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa, hewa huizuia kwa nguvu ya Newton 61, kama uzito wa kilo 6. Kwa kilometa 100, nguvu hiyo huwa Newton 243, karibu sawa na uzito wa kiroba cha unga cha kilo 25. Mwendo umeongezeka mara mbili, kizuizi kimeongezeka mara nne, na petroli ndiyo inayolipa.

Sehemu kubwa ya kizuizi hicho yatoka chini. Piga magoti utazame: utaona bomba la egzosi, vyuma vya magurudumu, mashimo na pembe za kila namna. Hewa huingia humo ikajikwaa na kuzungukazunguka. Nyuma kabisa, bampa huikinga kama mwavuli uliofunguliwa kinyume. Haya yote bawa la juu haliyagusi hata kidogo. Bawa lenyewe huongeza kizuizi kipya.

Kuna faida ya pili. Sote twajua jinsi upepo wa ziwani unavyopita kwa nguvu katikati ya majabali mawili yaliyokaribiana. Njia ikiwa nyembamba, hewa hukimbia, na hewa ikikimbia msukumo wake hupungua. Daniel Bernoulli alieleza kanuni hii katika kitabu alichokitoa mwaka 1738. Shika karatasi mbili zikining'inia karibu karibu, upulize katikati yake: badala ya kuachana, zitakutana. Tumbo la motokaa na barabara ni karatasi mbili hizo. Tumbo likiwa laini, kisha likiinuka taratibu kuelekea nyuma, hewa hupita upesi chini na motokaa huvutwa kuelekea barabarani. Mwaka 1978 Mario Andretti alipata ubingwa wa dunia kwa magari ya Lotus yaliyoundwa kwa fikira hiyo.

Wenzangu hapo wakanijibu: "Kama ndivyo, kuishusha chini ndiyo dawa, maana njia itakuwa nyembamba zaidi!" Jibu hili lina akili, nami silidharau. Lakini limesahau barabara. Hata wale wakimbiao katika viwanja laini yamewapata. Sheria za mwaka 2022 zilipowarudishia matumbo ya namna hiyo, magari mengi yalianza kurukaruka kwa sababu ya kukaa chini mno, hata mwaka 2023 wenye sheria wakaamuru kingo za sakafu ziinuliwe milimita 15. Ikiwa wao yaliwashinda, sisi wa matuta na mashimo tutasema nini?

Mjomba hakungoja majibu. Alifuata kura ya wengi, akakatiwa springi. Kava la chini ya injini lilikuwa limelegea, akalitoa na kulitupa. Wiki ya tatu, akitoka upande wa Nyegezi kwenda Buhongwa, tumbo la motokaa liligonga tuta, sampu ikapasuka, oili yote ikamwagika. Hakuona taa ya oili mpaka injini ilipokaza. Leo motokaa ile iko chini ya mwembe, kuku wanalala ndani, na bawa lake linang'aa juani. Mjomba hakutulaumu hata mmoja, na hilo ndilo linaloniuma.

Yafaa tukumbuke mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari dogo la michezo, Datsun 240Z, liliyashinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda. Magari ya Safari huinuliwa, nayo hufungwa ngao imara chini ya injini, kwa sababu tope na mawe hayana heshima kwa bingwa. Waliyatengenezea matumbo yaliyoifaa barabara yao. Ndilo funzo ninalolitaka.

Basi, mwenye gari dogo afanye nini? Kwanza, aliache katika kimo chake. Pili, arudishe kava la chini ya injini, au achongewe jingine la bati la alumini, likiwa na tundu la kumwagia oili na nafasi ya kutolea joto. Tatu, bati hilo liendelee nyuma kila panapowezekana, lakini plastiki isikaribie egzosi, maana itayeyuka au kuwaka moto. Nne, sahani ya mwisho iinuke kidogo tu, digrii 7 hadi 10. Ikiinuka ghafula hewa haitaifuata, na faida yote itapotea. Tano, kila bolti ikazwe na kukaguliwa, kwa kuwa bati likianguka barabarani laweza kumwua mwendesha pikipiki anayefuata nyuma.

Wala mtu asidhani kwamba nawahimiza vijana wakimbie. La hasha. Mvuto wa hewa ya chini hubadilika motokaa inaporuka shimo, na anayeutegemea kukata kona atajikuta mtaroni. Katika mwendo wa mjini faida yake ni ndogo mno. Faida tunayoitafuta ni petroli kidogo na motokaa iliyotulia katika safari ndefu.

Namalizia kwa ombi. Walimu wetu waturuhusu Jumamosi chache tuunde sanduku la mbao lenye feni, tuweke ndani mfano wa motokaa, na tutoboe tundu tumboni mwake tuunganishe mrija wenye maji. Maji yatapanda au kushuka, nasi tutaona kwa macho yetu msukumo unavyobadilika. Tungalifanya hivyo kabla ya kupiga kura, huenda mjomba angalikuwa barabarani leo. Tulimshauri kwa mikono iliyoinuliwa juu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amepiga magoti kutazama chini. Mimi pia sikutazama. Laiti ningalitazama, ningaliliona lile kava lililolegea.