TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA: WALITUDANGANYA MWAKA GANI?

Temeke, Jumapili 11 Oktoba 2015



Zimebaki siku 14 tupige kura. Kamati ya Tawi ilikaa jana jioni, na jambo lililotuchukulia muda mrefu halikuwa mawakala wala nauli za kwenda mkutanoni. Lilikuwa ni lile ambalo wengi wenu mmekuwa mkituletea kila siku: "Majirani wa UKAWA wanatuita CCM B, wanasema tunagawa kura. Tuwajibu nini?"

Tumeona tuandike, ili kila mwanachama awe na jibu moja lisilo na matusi. Taarifa ni ndefu kidogo, tuvumiliane. Isomeni mpaka mwisho kabla ya kuisambaza.

TULIKUWEPO MWEMBEYANGA

Wenye umri wa kukumbuka wanakumbuka. Tarehe 15 Septemba 2007, viwanja vya Mwembeyanga, hapa hapa Temeke. Wengi wetu tuliomo kwenye kamati hii leo tulikuwa pale, tumesimama tangu jua kali. Mwezi mmoja nyuma Zitto Kabwe alikuwa amesimamishwa Bungeni kwa sababu ya hoja ya mkataba wa mgodi wa Buzwagi, na watu walikuwa na hasira. Dk. Willibrod Slaa akapanda jukwaani, akasoma orodha ya mafisadi. Majina 11. Lilikuwemo jina la Waziri Mkuu aliyekuwa madarakani, Edward Lowassa.

Hatujawahi kuona kitu kama kile. Kumtaja Waziri Mkuu kwa jina lake, mchana, kwenye kipaza sauti! Wengine hapa tulichukua kadi ya CHADEMA kwa sababu ya siku ile. Hatukuahidiwa barabara wala maji. Tuliona watu wasioogopa.

Februari 2008 ikaja ripoti ya Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond. Lowassa akajiuzulu. CHADEMA wakatuambia: si mnaona? Tuliyoyasema Mwembeyanga yametimia. Tukaamini zaidi. Mwaka 2010 tukazunguka mtaa kwa mtaa kumnadi Dk. Slaa, akapata zaidi ya kura milioni mbili. Tulichanga mia mia na mia tano mpaka ikapatikana hela ya spika na mafuta ya gari.

Na kuna waliolipa zaidi ya hiyo mia tano. Tarehe 5 Januari 2011 watu walikufa kwa risasi Arusha kwenye maandamano ya chama. Tarehe 2 Septemba 2012 mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa kijiji cha Nyololo akiwa kazini, kwenye shughuli ya chama kufungua tawi. Tawi, ndugu zetu. Kitu kama hiki chetu, chenye bendera moja na benchi mbili.

KISHA IKAJA JULAI

Mwezi Julai mwaka huu CCM walikata jina la Lowassa kule Dodoma. Tarehe 28 Julai akapokelewa CHADEMA. Tarehe 4 Agosti akathibitishwa kuwa mgombea urais. Hesabuni wenyewe: wiki moja. Fundi cherehani hapa Tandika hukuweka wiki mbili kwa suruali moja.

Tarehe 6 Agosti Profesa Lipumba, mmoja wa viongozi wakuu wa UKAWA, akaachia uenyekiti wa CUF. Tarehe 1 Septemba Dk. Slaa, mwenye orodha yake, akatangaza kuachana na siasa za vyama. Aliyesoma orodha ameondoka, aliyesomwa kwenye orodha ndiye mgombea. Na sisi tuliosimama juani kuisikiliza tunaambiwa tuzungushe mikono tuseme "mabadiliko".

TUSICHOSEMA

Hapa tuelewane vizuri, maana kuna wanachama wetu wanaoteleza. Tawi hili halisemi kwamba Lowassa ni mwizi. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Mwenyewe ameeleza upande wake kuhusu Richmond, na ni haki yake kusikilizwa kama Mtanzania mwingine yeyote.

Swali letu haliendi kwake, linaenda kwa waliotupa orodha. Kwa miaka minane mlituambia mtu huyu ni fisadi. Leo mnatuambia ni mkombozi. Kama mlisema kweli mwaka 2007, basi leo mnatuuzia mtu mnayemjua kuwa ni fisadi. Kama mnasema kweli leo, basi mwaka 2007 mlimchafua mtu asiye na kosa, na mkatutumia sisi kama spika za kumchafulia. Moja kati ya hizo mbili. Hakuna ya tatu.

Kwa hiyo kuna mtu anadaiwa radhi. Ni Lowassa, au ni sisi. Kampeni inakwenda mwezi wa pili sasa na hakuna aliyeombwa.

MAJIBU WANAYOTUPA

La kwanza: "Mwenye ushahidi aende mahakamani." Hili ndilo linalotuuma kuliko yote. Jibu hili tunalijua, tulikuwa tunajibiwa hivyo hivyo na CCM tulipokuwa tunasema Richmond, tunasema EPA, tunasema Escrow. Tukawa tunawacheka: ushahidi mnao nyinyi, mahakama na polisi wenu, mnatutuma wapi? Leo maneno yale yale yanatoka kwenye midomo ya waliokuwa wanacheka pamoja nasi. Kama mlikuwa na ushahidi Mwembeyanga, uko wapi? Kama hamkuwa nao, mlitusimamisha juani kwa ajili gani?

La pili: "Tatizo si mtu, tatizo ni mfumo." Sawa. Mfumo ni nini? Ni watu na tabia zao na sheria zinazowalinda. Mgombea wao alikuwa Waziri Mkuu ndani ya mfumo huo. Mwezi Agosti wakampokea na Frederick Sumaye, Waziri Mkuu wa miaka kumi, 1995 hadi 2005. Mtu hawezi kukaa jikoni miaka yote hiyo halafu akatoka nje akasema moshi umempata kwa bahati mbaya. Na hata hilo jina la UKAWA, Umoja wa Katiba ya Wananchi, lilizaliwa mwaka jana wapinzani walipotoka Bunge Maalum kuitetea rasimu ya Jaji Warioba. Siku ile wanatoka ukumbini, mgombea wao wa leo alikuwa CCM.

La tatu ndilo zito, na hatutalidharau: "Tuwaondoe CCM kwanza, mengine tutayarekebisha baadaye." Wanaosema hivi wengi ni watu wema. Ni mama ntilie aliyechoka kufukuzwa na mgambo, ni kijana mwenye cheti asiye na kazi. Na sisi tumechoka kama wao. Miaka zaidi ya hamsini ya chama kimoja kushika dola inatosha, na ndiyo maana hatukubali kuitwa CCM B na mtu yeyote.

Lakini ndugu, hilo "baadaye" tunalijua tabia yake. Chama kinachokuambia kabla ya Ikulu kwamba msimamo wake unaweza kusubiri, ukishampa Ikulu utamkumbusha kwa nguvu gani? Leo anakuhitaji, anakuja mpaka kwenye kibaraza chako, na bado hataki kukujibu swali moja. Baada ya tarehe 25 hatakuhitaji tena mpaka 2020.

KUHUSU USALITI

Wanatuita wasaliti. Tuwakumbushe jinsi neno hilo lilivyotumika.

Novemba 2013 Zitto Kabwe alivuliwa nyadhifa zake zote ndani ya CHADEMA. Januari 2014 Dk. Kitila Mkumbo akafukuzwa uanachama. Machi mwaka huu Zitto naye akafukuzwa. Chanzo ni waraka wa mkakati wa kugombea uongozi ndani ya chama chenyewe, kwa kura. Hata mtu aseme waraka ule ulikosewa, haukuwa na Richmond ndani yake.

Kwa hiyo kipimo chao ndicho hiki: ukitaka kushindana na mwenyekiti kwa kura, wewe ni msaliti. Ukiwa kwenye orodha ya mafisadi waliyoiandika wao wenyewe, unapewa fomu ya urais. Sisi tuliotoka kwa sababu ya kipimo hicho hatuna aibu. Hatukubadilisha tuliyoyasema Mwembeyanga. Tumebadilisha kadi tu, wao wamebaki na kadi wakabadilisha maneno. Msaliti ni nani?

CCM NAO WASICHEKE

Tunajua kuna makada wa CCM humu mtaani watakaoisoma taarifa hii na kupiga makofi. Wakae chini. Baada ya Richmond walibaki naye miaka saba. Walimpitisha ubunge Monduli mwaka 2010. Alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama. Mwaka 2011 walisema wanajivua gamba, gamba likabaki mwilini. Fisadi amekuwa fisadi mchana mmoja tu, siku aliyohama. Wao ndio waliompika, wenzao ndio waliompakua. Sisi hatuli kwenye sufuria hilo.

NASI TUJIPIME

Si haki kunyooshea watu kidole tukajisahau. Chama chetu ni kichanga na ni kidogo. Tarehe 25 inawezekana tusishinde urais, na hatutawadanganya. Lakini Azimio la Tabora tulilolizindua mwaka huu linasema miiko ya uongozi irudi, na kiongozi aseme hadharani ana mali gani. Mgombea wetu, Mama Anna Mghwira, ndiye mwanamke pekee kwenye karatasi ya urais, na hajawahi kukutwa kwenye orodha ya mtu.

Na hili Kamati imeliamua jana, linaingia kwenye muhtasari: baada ya uchaguzi watakuja watu wa kutoka vyama vyote, walioshindwa na waliokasirika. Tuwapokee. Lakini kama tulishawahi kumtuhumu mtu, kabla ya kadi atasimama mbele ya wanachama aulizwe, ajibu. Na kama sisi ndio tuliokosea, tutamwomba radhi siku hiyo hiyo, mbele ya wale wale. Siku tawi hili litakapoacha kufanya hivyo, mwanachama yeyote atushike koo kwa taarifa hii. Itunzeni kwenye simu zenu.

MAELEKEZO KWA WANACHAMA

1. Usimtukane Lowassa, na usifanye mzaha na afya yake. Ugonjwa si hoja. Picha na video za namna hiyo zisipite kwenye kundi letu. Atakayezituma ataondolewa.

2. Usisambaze uzushi wa chama chochote. Sheria ya Makosa ya Mtandao imeanza kutumika tangu 1 Septemba, na tawi halina hela ya wakili. Zaidi ya hayo, uongo si silaha yetu.

3. Usigombane na jirani. Wanaozungusha mikono ni majirani zetu, wengine tulikuwa nao bega kwa bega Mwembeyanga. Tarehe 26 tutachota maji kwenye bomba lile lile. Muulize swali moja tu, kwa upole: "Walitudanganya mwaka gani, 2007 au 2015?" Kisha nyamaza, umsikilize. Akikupa jibu la maana, lilete kwenye tawi tulijadili.

4. Ukiletewa kanga, kofia au hela ya soda na chama chochote, jibu ni ahsante, sihitaji. Na usikubali mtu akunakilie namba ya kadi yako ya kupigia kura.

5. Jumatano hii, 14 Oktoba, ni siku ya kumbukumbu ya Mwalimu. Tutakutana ofisini saa 10 jioni kuwapanga mawakala. Atakayechelewa atapangiwa kituo cha mbali.

6. Tarehe 25 vituo vinafunguliwa saa 1 asubuhi. Wazee na kina mama wenye watoto wachanga, wasemeni mapema ili vijana wawasindikize.

Ndugu Wazalendo, watu wanatuambia kura yetu itapotea. Kura inapotea pale unapompa mtu usiyemwamini kwa sababu umeambiwa hakuna mwingine. Tuliisikia orodha kwa masikio yetu. Hatukuota. Mpaka atokee mtu wa kutueleza ilikuwaje, sisi tutaendelea kukumbuka, na tutapiga kura kama watu wanaokumbuka.

Taifa Kwanza!

Imetolewa na Kamati ya Uongozi ya Tawi.
Wajumbe wa mashina wawasomee wanachama wasio na simu za WhatsApp.