Kadi Iliyo Wazi Ina Soko

Ndugu zangu wa Kariakoo, wa Luthuli na kwingineko nyumbani,

Nawaandikia kutoka ughaibuni kuhusu kadi ya grafiki, kifaa kinachochora kila mnachokiona kwenye skrini. Je, kampuni inayotoa maelezo ya kadi yake hadharani, ili yeyote aweze kuiandikia draiva, yaani programu inayoiendesha, inaweza kupata faida? Jibu langu ni ndiyo, ila kwa sharti moja: kadi yenyewe iwe nzuri kwanza. Mwaka 2004 ulianzishwa Open Graphics Project kwa nia ya kuunda kadi iliyo wazi kuanzia mchoro wa chipu hadi draiva. Wahandisi wake walifikia bodi ya majaribio, lakini chipu yao wenyewe haikufika kiwandani. Kutengeneza chipu kunadai mtaji mkubwa unaorudi tu ukiuza kwa wingi, na walio tayari kununua uwazi peke yake walikuwa wachache. Kampuni ya AMD ilipita njia nyingine. Iliinunua ATI, mtengenezaji wa kadi za Radeon, mwaka 2006, na mwaka uliofuata ikaanza kutoa hadharani nyaraka za kadi hizo, ambazo zilikwisha kuwa na wateja. Kampuni ya Valve ilipoanza kuuza Steam Deck, kompyuta ya michezo ya kushika mkononi, mwaka 2022, ndani yake mlikuwa na chipu ya AMD inayoendeshwa na RADV, draiva huria iliyoanzishwa mwaka 2016 na watu wa nje ya AMD. Valve iliweza kuirekebisha draiva hiyo yenyewe, na AMD ikauza chipu. Hiyo ni biashara, si sadaka.

Mtaniambia kampuni ya Nvidia ilificha mambo yake miaka mingi na bado inatawala soko. Ni kweli. Lakini nguvu yake inatokana na kasi ya chipu zake na CUDA, mfumo wake wa kuandikia programu za hesabu, ambao watafiti wameuzoea tangu 2007. Mei 2022 hata yenyewe iliachia msimbo wa sehemu ya draiva inayokaa kwenye kiini cha mfumo endeshi wa Linux, ingawa sehemu nyingine zimebaki zimefungwa. Kampuni inayoamini kwamba inalishwa na usiri huo isingefanya hivyo. Wengine husema mteja wa kawaida hajali uwazi. Siku ya kununua hajali. Hujali siku kampuni inapomwacha. Kadi za Radeon HD 7000 ziliingia sokoni mwaka 2012, na Juni 2021 AMD ikatangaza kusitisha huduma ya kawaida ya draiva zake za Windows. Kwenye Linux kadi hizohizo zimeendelea kutunzwa, kwa kuwa msimbo wa draiva zake uko mikononi mwa watu.

Jambo hili linawagusa ninyi zaidi yetu. Kompyuta ya mtumba ikishushwa Mombasa au Dar es Salaam, mara nyingi aliyeiunda ameshaisahau. Basi, mafundi na wafanyabiashara, kabla ya kuagiza mzigo ulizeni: draiva ya kadi hii ni huria? Mkiuliza wengi, wauzaji watajua kwamba soko hilo lipo.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa ughaibuni