Weka Msasa Chini, Bwana Mkubwa!

Kuna watu wakisikia neno "kukarabati" tu, akili zao zinakimbilia msasa na vanishi. Kwao kizuri ni kile kinachong'aa, basi. Leo nina ugomvi nao.

Juzi nilikuwa nimekaa kwa fundi makochi mmoja pale Keko, Dar es Salaam. Akaletewa kiti cha mikono cha Denmark, vile vya zamani vya mbao za mtiki: miguu myembamba, mikono laini mpaka unatamani kuipapasa. Kweli kilikuwa kimechoka. Sponji imegeuka unga, mikanda ya mpira inayobeba mto imekakamaa na kukatika. Mwenyewe akashuka garini na amri zake: piga msasa wa mashine, paka vanishi nyeusi, vika kitambaa cha maua. "Nataka kiwe kama kipya!"

Nikakipindua. Chini ya fremu kulikuwa na maandishi yaliyochomwa kwa chuma cha moto. Nikamwonyesha tajiri, wala hakuinama kutazama. Jioni mashine ikapita, maandishi kwisha. Fundi simlaumu, mwenye hela ndiye mwenye kauli.

Mnajua lakini kilichofutwa pale? Tangu mwaka 1927 hadi 1966 chama cha maseremala wa Copenhagen kilifanya maonyesho kila mwaka, na humo mbunifu na fundi waliingia bega kwa bega. Finn Juhl alibuni kiti chake maarufu cha mwaka 1945, lakini aliyekiunda ni seremala Niels Vodder, na viti vya Vodder vilichomwa majina yote mawili chini yake. Hans Wegner naye, mtoto wa fundi viatu wa mji wa Tønder, alihitimu useremala kwanza, ubunifu ukafuata. Viti vyake vingi vilitoka karakana ya Johannes Hansen, na jina la Hansen limo. Fundi hakufichwa uvunguni kama mwizi, bwana wee!

Mtaniuliza, kwa hiyo kiti kibovu kiachwe hivyo hivyo? Nani kasema? Mikanda, sponji na kitambaa ni vitu vya kufa, ving'oe uweke vingine, tena kitambaa cha sufu cha rangi moja kitakaa vizuri kuliko hayo maua. Kiungo kikicheza usipigilie msumari, nakuomba! Kifungue taratibu, kwangua gundi kuukuu yote, tia mpya, kibane mpaka asubuhi. Mbao zifute uchafu, ziache zikauke, kisha paka mafuta ya kitani kidogo kidogo na ufute yanayobaki. (Hayo matambara yatandaze nje yakauke. Ukiyarundika kwenye kona yanaweza kuwaka yenyewe.) Mikwaruzo iache. Ule mviringo wa mkono wa kiti mtu aliutafuta kwa vidole vyake, na mashine ikishaula haurudi.

Na nyie waandishi wenzangu, msicheke. Mhariri akikosea herufi moja ya jina lako unanuna wiki nzima. Akikata aya yako nzuri ili hadithi "ing'ae", unamwita muuaji. Halafu nyumbani umekalia kazi ya mtu ambaye hujawahi hata kuuliza anaitwa nani. Sisi ndio tunapiga kelele eti sanaa haiheshimiwi!

Yule tajiri alipokuja kuchukua kiti chake alifurahi sana, akalipa, akaondoka. Nikamgeukia fundi. Pale nje alikuwa na viti vyake sita, kaunda mwenyewe, vimepangwa barabarani vinasubiri wanunuzi. Nikamwambia, kaka, kwa nini na wewe usichome jina lako chini ya hivi?

Akacheka mpaka akaweka nyundo chini.

"Sasa nani atakipindua, mdogo wangu?"