Manifesti Inakuhusu Wewe Mwenye Mzigo

Muulize mfanyabiashara wa Kariakoo kwa nini kontena lake limekwama, atakutajia Mamlaka ya Mapato (TRA), wasimamizi wa forodha. Muulize manifesti, yaani orodha ya shehena ya meli, inasemaje kuhusu mzigo wake, atakwambia hiyo ni kazi ya wakala wa meli, yeye haimhusu. Imani hii inatutia hasara kila siku, na umefika wakati tuiache.

Ni kweli, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inamtwika nahodha au wakala wake jukumu la kutoa taarifa hiyo ya shehena. Lakini wakala huyo hakuwepo kontena lako lilipojazwa. Anachokiwasilisha forodha kimetoka kwenye hati ya shehena (BL), na BL imeandikwa kwa maelekezo ya muuzaji wako aliyeko Guangzhou au Mumbai. Muuzaji akiandika katoni 480 badala ya 840, au akakosea jina la kampuni yako, kosa hilo litavuka bahari pamoja na mzigo. Siku wakala wako wa forodha atakapowasilisha tamko, mfumo wa forodha utakuta tamko na manifesti havilingani. Hapo lazima uombe marekebisho kupitia kwa wakala wa meli, na vielelezo vitoke kule mzigo ulikopakiwa. Wakati barua zinazunguka, bandari kavu inahesabu gharama za kuhifadhi mzigo na kampuni ya meli inahesabu demareji, yaani tozo ya kuchelewesha kontena. Ofisa wa forodha unayemlaumu hajagusa chochote bado.

Wanaochangia kontena wako hatarini zaidi. BL kuu huwa na jina la mkusanyaji mizigo. Asipoichambua manifesti kwa kila mwenye mali, forodha haina habari kwamba wewe una mzigo humo. Vivyo hivyo kwa mizigo ya nchi jirani: mfanyabiashara wa Lubumbashi, Kongo, ambaye kituo chake cha mwisho kimeandikwa Dar es Salaam, mali yake itahesabiwa kuwa ya soko la Tanzania mpaka irekebishwe.

Sisemi maofisa wote ni wasafi. Mwishoni mwa 2015 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza kwamba makontena 349 yalikuwa yametoka bandarini bila kulipiwa kodi. Lakini wizi wa namna hiyo hukamatwa kwa kulinganisha kilichoorodheshwa kushuka melini na kilicholipiwa. Manifesti iliyojaa makosa inamfaa mwizi, kwa sababu kila pengo linapata kisingizio cha kosa la uandishi. Anayedharau karatasi hiyo hana haki ya kulalamikia rushwa bandarini.

Kwa hiyo, kabla hujamalizia malipo, mdai muuzaji rasimu ya BL. Isome mwenyewe, usimwachie kijana wa ofisini: jina, namba ya mlipakodi (TIN), idadi ya vifurushi, uzito, namba ya kontena na kituo cha mwisho. Ukiona kosa, lirekebishwe meli ikiwa bado haijang'oa nanga.