Kosa halikuwa la vidole



Najua wengi wanasema ampli ni ampli, mradi ilie. Mimi vilevile nilisema hivyo mpaka siku ya posho iliyopita. Leo naandika juu ya maneno mawili: ampli gani korali inunue, na yule mtoto wa la nne tuliyemuondoa kwenye solo.

Munakumbuka sikukuu ya mwisho wa trimesta katika ukumbi mkubwa. Solo ilitoka nzito, noti zimeshikamana sawa bugali. Komite ikakaa, na mimi kapita ndiye wa kwanza kusema: huyu vidole vyake ni vichafu, apumzike. Hakujibu kitu. Alirudisha gita, basi.

Ampli ya siku ile ilikuwa Vox AC30 ya kuazima, kazi ya Uingereza, wati 30 hivi, lampi nne za EL84. Sasa mwenyewe anataka kuiuza. Na baba mmoja mtengeneza redio wa mjini anauza Fender Twin Reverb, kazi ya Marekani, aina iliyoanza kutoka 1963: wati 85 hivi, lampi nne za 6L6. Kila moja ina spika mbili za inchi 12, na uzito karibu kilo 30. Waliobeba wanajua.

Tukaziweka zote nyuma ya pazia. Gita moja tu, na nikamwomba yule yule wa la nne apige. Kwanza tulisawazisha nguvu, juu sikio linadanganyika: ampli inayolia zaidi kidogo tu, watu wote watasema ndiyo nzuri.

Kwa sauti ya chini, AC30 ilishinda. Sisemi uongo. Noti zake za juu zinalia kama kengele ndogo, na katikati kumejaa. Twin ilikuwa safi lakini kavu, besi nyingi na juu nyingi, katikati kumepungua. Wanne kati yetu sita tulichagua AC30.

Halafu tukapandisha mpaka nguvu ya ukumbi. Mtoto akapiga maneno yale yale ya siku ya sikukuu. Kwa Twin kila noti ilisimama peke yake. Kwa AC30, kumbe, ni bugali ule ule! Vidole ni vile vile, nilikuwa naviangalia kwa macho yangu.

Baba yule akatueleza. Twin inarudisha sehemu ndogo ya sauti yake nyuma, ndani ya ampli, na hivyo inajisahihisha. AC30 haina njia hiyo, na wati zake zinaisha mapema, basi inaanza kukwaruza polepole. Wapiga roki wanaitafuta kwa sababu hiyo hiyo. Tena wati 85 si kelele mara tatu. Kuzidi wati 30 ni desibeli 4 na nusu tu. Lakini ni nafasi ya kupumua kabla sauti haijachafuka, na muziki yetu inataka nafasi hiyo. Katika seben, solo, mi-solo na akompa zinapishana. Noti moja ikikwaruza, inaziba njia ya mwenzake.

Mwalimu mmoja aliniuliza: kwa nini musipunguze AC30 na kuweka mikro mbele yake? Ni shauri nzuri sana, kama tungekuwa na mikro. Tuko nazo mbili, na waimbaji hawaziachi.

Kwa hiyo mimi nasema tununue Twin. Kama tungepigia chumba cha mazoezi tu, ningesema AC30. Ila wenye kushika pesa wasisahau transfo: Twin ile ni ya umeme wa volti 120, hapa kwetu ni 220. Tukiichomeka hivi hivi, franka za korali zitatoka moshi.

Na neno la pili. Komite ilimuondoa mtoto mbele ya korali yote, lakini ya kumrudisha inataka kuyasema pembeni, kimya kimya. Mimi sikubali. Nilisema kwa sauti kubwa, na hapa naandika kwa jina langu kwamba nilikosa. Gita ya solo iko katika kabati ya korali, ufunguo niko nao mimi. Siku ya mazoezi nitamletea mwenyewe, mbele ya wote.