Anayewahi Hamnyang'anyi Mtu Nafasi

Saa tatu asubuhi, bustani ya burudani ya Disney iitwayo Magic Kingdom, karibu na Orlando huko Florida, inapofungua milango, aliyekwenda moja kwa moja kwenye mchezo wa Peter Pan's Flight hungoja dakika chache tu na kupanda. Ikifika saa tano, ubao ulio mlangoni pa mchezo huo huo huweza kuonyesha dakika 60 au zaidi. Safari yenyewe haifiki hata dakika tatu. Jahazi dogo ni lile lile, linaning'inia kwenye reli yake na kupita juu ya mji wa London uliotengenezwa kwa vitaa vidogo vidogo, kama lilivyokuwa likipita tangu Oktoba 1971. Kilichobadilika ni saa ya kufika. Familia iliyojinyima miezi mingi ili iende Orlando, iwe imetoka Nairobi na Dar es Salaam au Minneapolis na Dallas wanakoishi ndugu zetu wengi, inapaswa kuwa langoni kabla lango halijafunguliwa. Ushauri huo hutolewa kila siku kama ujanja wa msafiri. Mimi nautetea kwa sababu nyingine: kuwahi ni njia ya kukwepa foleni isiyomtwisha mtu mwingine mzigo wa kungoja.

Foleni ina hesabu zake, na hesabu hizo si mpya. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, Mdenmaki aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha utafiti wake kuhusu jinsi simu zinavyorundikana mitamboni. Mwaka 1961 John Little, Mmarekani, alithibitisha kanuni nyepesi kuliko inavyodhaniwa: idadi ya watu walio kwenye foleni ni sawa na idadi ya wanaowasili kwa saa, mara muda ambao kila mmoja anangoja. Tuichukue kanuni hiyo hadi kwenye mchezo mmoja. Tuseme mchezo unabeba watu 1,200 kwa saa. Saa ya kwanza wanakuja watu 600. Hakuna anayengoja, na viti 600 vinazunguka vitupu. Saa ya pili wanakuja 2,000. 1,200 wanapanda, 800 wanabaki, na anayejiunga mwisho wa mstari atasimama dakika 40. Saa ya tatu wanakuja tena 2,000, foleni inafika watu 1,600, na kungoja kunakuwa dakika 80. Sasa hebu tuseme kwamba kuanzia hapo wanakuja watu 1,200 tu kila saa, yaani idadi ile ile ambayo mchezo unaimudu. Foleni haipungui hata kidogo. Itabaki ya dakika 80 mchana kutwa. Anayefika saa nane na kuona msururu anadhani watu wamemiminika muda huo, kumbe analipa deni lililokopwa saa nne na saa tano.

Cha kuangalia zaidi katika hesabu hiyo ni vile viti 600 vya asubuhi. Kiti kilichoondoka kitupu hakirudi. Si mchele kwamba utabaki ghalani uuzwe kesho. Watu 600 kati ya wale waliokuja saa ya pili na ya tatu wangefika saa ya kwanza, mchezo ungekuwa umebeba watu 3,600 kwa saa tatu badala ya 3,000, na foleni ya mchana ingekuwa ya watu 1,000, dakika 50, badala ya 80. Nusu saa nzima imeondolewa mabegani mwa kila anayefika baadaye, na hakuna aliyelipa chochote. Mama aliyewaamsha watoto mapema amejisaidia yeye, na amemsaidia pia mgeni asiyemfahamu atakayefika saa sita.

Njia nyingine ya kukwepa foleni, ile inayouzwa, hufanya kinyume chake. Mwaka 1999 Disney walianzisha utaratibu wa FastPass: unachukua tiketi ya karatasi mashineni, unaondoka, unarudi saa iliyoandikwa na kupita mlango wa pembeni. Ulikuwa bure, kwa mgeni tajiri na maskini sawia. Bustani zilipofungwa kwa ajili ya janga la korona mwaka 2020, utaratibu huo ulisimama, na Oktoba 2021 uliorudi ulikuwa wa kulipia, dola 15 kwa mtu kwa siku pale Florida, yaani dola 75 kwa familia ya watu watano, juu ya bei ya kiingilio. Mwishoni mwa 2024 ikaja pasi ya kifahari zaidi, ambayo siku za msongamano pale Magic Kingdom imepita dola 400 kwa mtu mmoja. Pesa hiyo hainunui kiti cha ziada. Chombo hakiongezi kasi kwa sababu mtu amelipa. Mahali ambapo mistari miwili inakutana anasimama mhudumu mmoja, mkono umeinuliwa, akiruhusu kundi kutoka mstari wa waliolipa, kisha wachache kutoka mstari wa kawaida, kisha tena kundi. Ikiwa kati ya viti 1,200 vya saa hiyo 700 vinakwenda kwa waliolipa, mstari wa kawaida umebakiwa na 500, na watu 500 ambao wangemalizika kwa dakika 25 watasimama saa nzima. Dakika alizookoa aliyelipa hazikuyeyuka. Zimehamia kwa baba aliyembeba mtoto upande wa pili wa ukuta. Na saa ya kwanza ya siku waliokwishafika na pasi zao huwa bado wachache, hivyo mkono wa yule mhudumu hauna kazi kubwa, na mstari wa kawaida unatembea jinsi ulivyokusudiwa.

Msomaji wa kwetu atauliza swali la haki. Mbona hospitalini tunawahi namba tangu saa kumi alfajiri, na bado tunakuta benchi limejaa? Watu wote wakishika ushauri huu, si foleni itahamia tu asubuhi? Tofauti ni kubwa. Hospitalini wote wanafika kabla daktari hajaingia, wanamngojea mtu mmoja, na wote wanajua atakayechelewa anaweza kukosa kabisa. Bustani ya burudani hukaa wazi saa kumi au zaidi, ina michezo kadhaa inayoanza kwa pamoja, na watu wake wako likizoni. Wanataka kulala na kunywa chai ya hoteli taratibu. Tabia hiyo haijabadilika ingawa vitabu vya wasafiri vimehubiri kuwahi kwa miaka mingi, na Wamarekani wamekupa huko kuwahi hata jina, kuangushwa kwa kamba, kutokana na kamba ambayo wahudumu walikuwa wakiishika kuwazuia wageni hadi saa igonge. Na hata kama wengi wangegeuka wakawahi, hesabu ya viti vitupu imekwisha kutuonyesha kwamba siku nzima ingepungua uzito.

Ila kuna hali ambapo kuwahi hakufui dafu, na ni vizuri kulisema wazi. Tarehe 13 Juni 2019, mchezo mpya wa pikipiki wa Hagrid, yule jitu wa hadithi za watoto, ulipofunguliwa katika bustani ya Universal, Orlando, muda wa kungoja ulifika saa kumi. Wote waliwahi, na wote walikwenda sehemu moja. Anayefika mapema na kukimbilia jambo ambalo kila mtu analikimbilia hajapata faida ya asubuhi. Kinachofaa ni kujua uwezo wa kila mchezo. Pirates of the Caribbean, ambao Disneyland ya California waliuzindua mwaka 1967, hubeba watu kwa mashua zinazofuatana bila kukatika, zaidi ya 2,000 kwa saa. Huo unaweza kungoja hadi jua kali la mchana, tena ndani kuna ubaridi. Peter Pan's Flight una vijahazi vidogo vya kubeba watu wachache, na kila mtoto anaujua. Huo ndio wa saa tatu kamili.

Florida yenyewe inaunga mkono hoja hii kwa hali yake ya hewa. Kuanzia Juni hadi Septemba mawingu hujikusanya baada ya adhuhuri, radi hupiga, na michezo ya nje husimamishwa mpaka radi zisogee mbali. Aliyeipangia alasiri michezo yake mikubwa anaweza kujikuta amejibanza chini ya paa la duka, akitazama mvua. Na katika bustani ya Animal Kingdom, iliyofunguliwa Aprili 1998, kuna sababu ambayo Mswahili hahitaji kuelezwa. Pale wamejenga kijiji kiitwacho Harambe, kuta zake za chokaa zilizobabuka na milango yake vikiigwa kutoka miji ya pwani yetu, Lamu hasa, na kutoka kijijini humo magari ya wazi huwapeleka wageni kwenye safari waliyoipa jina la Kilimanjaro. Majengo ni ya kuigiza, lakini simba, twiga na vifaru ni wa kweli, na jua la mchana linawachosha kama linavyowachosha wenzao wa Mara na Serengeti. Waongoza watalii wa kwetu huwatoa wageni kambini alfajiri, giza halijaisha, kwa sababu mnyama huonekana akitembea kukiwa na ubaridi. Mchana utaona mkia na sikio chini ya mti. Inashangaza kidogo kuona mtu anayelijua hilo tangu utotoni akifika Harambe saa saba mchana.

Wapo watakaosema likizo si kazi, na kuwaburuta watoto kitandani saa kumi na mbili ni kuwaharibia raha. Nawaelewa, maana mtoto aliyekosa usingizi ni mgumu kuliko foleni yoyote. Lakini watazame siku nzima. Mwaka 1985 David Maister aliandika kuhusu saikolojia ya kungoja, na moja ya hoja zake ni kwamba muda usio na la kufanya huonekana mrefu kuliko muda wenye shughuli. Mtu mzima ana simu yake. Mtoto wa miaka minne, kimo chake kikiishia kiunoni mwa watu, haoni mbele wala nyuma. Anachokiona ni miguu, na dakika 80 kwake ni kama siku. Familia iliyofika asubuhi huweza kumaliza michezo minne au mitano kabla ya saa tano, ikarudi hotelini, ikala, ikalala wakati wa jua kali, na kurudi jioni kutazama fataki. Iliyofika saa tano haina mapumziko hayo, kwa kuwa kila ikiangalia saa inakumbuka pesa iliyolipa langoni. Jioni nayo, saa ya mwisho kabla ya kufunga, foleni hupungua, na hilo ni shauri jema kwa vijana. Wenye watoto wadogo wanajua watoto hao wakati huo wako katika hali gani.

Kuna pingamizi moja ambalo silipunguzii uzito. Si kila mtu anaweza kuwahi. Anayelala mbali na kutegemea mabasi mawili hawezi, wala mzazi aliyetoka zamu ya usiku, wala mgonjwa ambaye mwili wake huamka polepole. Kwa watu wenye ulemavu Disney wana utaratibu maalumu wa kungojea nje ya mstari, lakini mwaka 2024 katika bustani zao za Marekani waliubana, ukawalenga hasa wenye ulemavu wa ukuaji kama usonji, na wengi waliokuwa wakiutumia kwa maradhi mengine wakaachwa nje. Huko ni kukosea. Mtu asiyeweza kusimama saa moja juani hatasaidiwa na mahubiri ya kuamka mapema, na bustani inayopata faida kwa kuuza mlango wa pembeni haikosi uwezo wa kumfungulia mlango huo bure.

Asubuhi yenyewe imeanza kumegwa. Tangu 2021 wanaolala katika hoteli za Disney pale Florida huingia nusu saa kabla ya wengine. Universal nao huwaingiza mapema wageni wa hoteli zao. Nusu saa inavumilika, kwa kuwa anayetoka nje bado anazikuta foleni fupi. Ikirefushwa ikawa saa mbili, au ikawekewa bei yake, familia isiyo na fedha za hoteli hizo itakuwa imepoteza kitu cha mwisho ilichoweza kukipata kwa kujituma tu. Tokyo wanaonyesha njia nyingine. Pale Disneyland yao, iliyofunguliwa Aprili 1983, watu hujipanga nje mapema, wengine wametandika mikeka midogo chini, na umati ukiwa mkubwa uongozi hufungua lango kabla ya saa iliyotangazwa, kwa wote. Mei 2025 Disney walitangaza kwamba kituo chao cha saba duniani kitajengwa katika kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, safari ya ndege ya saa chache tu kutoka Mombasa na Dar es Salaam, katika nchi wanamofanya kazi maelfu ya watu wetu. Utaratibu wa lango lile, nani aingie saa ngapi na kwa bei gani, bado unaweza kupangwa kwa haki.