Hariri ya Kweli na Hariri ya Jina

Mwezi huu twapenda kusema neno juu ya hariri, kwani ni nguo itajwayo katika kila nyumba yenye arusi, na wengi wainunuao hawaijui.

Hariri si ngeni katika pwani yetu. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu na Kilwa mwaka 1331, asimulia kuwa Sultani wa Mogadishu alikwenda chini ya vivuli vinne vya hariri ya rangi. Padre Monclaro, Mreno aliyepita Pate karibu na mwaka 1570, aliandika kuwa nguo za hariri zilifumwa mjini humo na kupata faida kubwa katika miji mingine. Na hapa kwetu Kunduchi, bakuli za kauri za Kichina zilizopachikwa katika makaburi ya kale zatuonyesha kuwa wazee wetu walipokea bidhaa za Uchina, nchi iliyo asili ya hariri.

Hariri ni kazi ya mdudu. Kiwavi alishwaye majani ya mforsadi hutoa uzi mwembamba, akajizungushia hata akafichika ndani ya kifuko. Uzi wa kifuko kimoja waweza kufika mita 900. Lakini ili ipatikane ratili moja ya hariri ghafi, huhitajiwa vifuko 2,000 hadi 3,000. Basi aambiwaye kuwa hii ni hariri, naye akatajiwa bei ya kitambaa cha kawaida, yampasa ashuku.

Nguo nyingi ziitwazo hariri leo ni poliesta, itokanayo na mafuta ya petroli, au rayoni, itokanayo na miti. Kuzivaa si aibu. Aibu ni mzazi kukopa fedha ili bi arusi avae hariri, kisha akauziwa poliesta kwa bei ya hariri. Deni hubaki, na hariri haikuwapo. Mtume (S.A.W.) ametukataza kughushi, na muuzaji anayeficha asili ya bidhaa yake na ajue kwamba faida hiyo haina baraka.

Njia ya kuitambua ni nyepesi. Kabla ya kulipa, omba nyuzi mbili tatu za pembeni, uzichome kwa kiberiti juu ya sahani. Hariri hunuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Rayoni huwaka na kunuka kama karatasi.

Nanyi vijana wanaume, jambo hili lawahusu zaidi ya mfuko. Hariri ni halali kwa wanawake wa umma huu, na kwa wanaume ni haramu. Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu Zubeir na Abdurrahman bin Auf (R.A.) kuivaa kwa sababu ya upele uliowawasha, na pambo lisilozidi upana wa vidole vinne limeruhusiwa. Hariri iliyoharimishwa ni ile ya mdudu. Ama poliesta na rayoni, ijapokuwa zang'aa, haziingii katika katazo hilo. Hivyo asiyeijua hariri huenda akajiharimishia lililo halali, au akavaa lililo haramu siku ya nikaha yake mbele ya mashahidi.

Twawaomba wazazi wa Kunduchi na kwingineko wasimtwike bwana arusi mzigo wa hariri asiyoiweza. Arusi hutimia kwa nguo ya pamba iliyo safi. Mwenye uwezo na anunue, lakini anunue kwa ujuzi; na asiye nao asione haya, kwani Mwenyezi Mungu amewaahidi watu wa Peponi mavazi ya hariri, na huko hapana deni wala udanganyifu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kujua tunachokivaa na kutosheka na tunachokipata. Amin.